Rodi, MIG au TIG? Usiuze mashine yako kwanza

Msomaji mmoja ameniandikia, nimefupisha kidogo: "Fundi shikamoo. Nina inverta ya rodi ya ampea 160, najifunza mwenyewe. Nikichomea skwea paipu ya milimita 1.5 inatoboka karibu kila mara. Rafiki yangu akaniazima MIG yake ndogo ya ampea 140, nikachomea sikio la kuvutia trela kwenye pleti ya milimita 10, mshono ukatoka mzuri kuliko yote niliyowahi kupiga, ila baada ya siku chache sikio likang'oka zima zima. Sasa kuna wanaoniambia rodi ni mambo ya zamani nihamie MIG, wengine wanasema TIG ndo baba lao. Naomba unieleweshe tofauti zake, na je niuze hii yangu?"

Marahaba mdogo wangu. Usiuze. Na naomba usome mpaka mwisho maana hayo mawili yaliyokupata, paipu kutoboka na sikio kung'oka, ukiyaelewa vizuri umeshaelewa sehemu kubwa ya tofauti za hizi njia.

Kwanza jua kwamba zote hizo moto wake ni mmoja. Umeme unaruka kutoka kwenye ncha kwenda kwenye chuma chako, hewa ya hapo katikati inapata joto mpaka yenyewe inaanza kupitisha umeme, ndo tunasema tao limewaka, na joto lake linapita nyuzi 5,000 bila shida wakati chuma cha kawaida kinayeyuka kwenye nyuzi kama 1,500. Kwa hiyo kuyeyusha chuma kila njia inaweza. Zinapotofautiana ni sehemu mbili. Moja ni namna ya kuzuia hewa, kwa sababu chuma kikiwa maji maji kinanyonya oksijeni na naitrojeni, kikija kuganda unapata mshono wenye vitobo na unaokatika kirahisi. Nyingine ni nani anashika urefu wa tao na kulisha chuma cha kujazia, mkono wako au mashine. Ukiwa na hayo mawili kichwani hata muuzaji akikupamba vipi utajua cha kumuuliza.

Tuanze na yako. Rodi ni waya wa chuma uliopakwa dawa, na ile dawa ndo inafanya kazi kubwa. Ikiungua inatoa gesi inayosukuma hewa pembeni, inatuliza tao, inasafisha chuma, halafu inayobaki inaelea juu na kuganda kuwa slagi, lile gamba unalogonga na nyundo, linalofunika mshono wakati bado una moto. Zamani watu walichomea na waya mtupu na mishono ilikuwa dhaifu kweli, mpaka mwanzoni mwa karne ya 20 Oscar Kjellberg wa Uswidi alipoanza kuupaka waya dawa, na kampuni aliyoianzisha mwaka 1904, ESAB, mpaka leo inauza rodi. Kwa hiyo ni kweli rodi ni za zamani, ila zina mambo ambayo hizo mpya hazina: huhitaji mtungi wa gesi, unachomea nje kwenye upepo, chuma kikiwa na kutu kidogo inavumilia, na mashine unaibeba begani. Ubaya wake ni kwamba kila kitu kiko mkononi mwako, rodi inazidi kuwa fupi huku wewe unaisogeza mbele na kuishusha kwa wakati mmoja, na kila baada ya dakika moja na kidogo unasimama kubadilisha. Inachosha kujifunza, lakini mtu aliyeishika vizuri hasumbuki sana akienda njia nyingine.

Sasa hayo matundu. Nakisia unatumia rodi yenye namba 6013 ya milimita 2.5, maana ndo wengi wanaanza nayo. Hiyo inataka ampea 60 mpaka 90 hivi ndo iwake vizuri, na kwa ukuta wa milimita 1.5 huo moto ni mwingi, sasa ukishusha mpaka 45 rodi inaganda kwenye paipu, ukipandisha paipu inatoboka, unabaki hapo katikati unahangaika ukidhani mkono wako ndo mbovu. Tafuta rodi ya 2.0, weka ampea 40 na kitu, halafu geuza nyaya, holda inayoshika rodi iende kwenye hasi na ethi, ule waya wenye klampu inayobana chuma, kwenye chanya. 6013 inakubali pande zote mbili, na ikiwa kwenye hasi haichimbi kwa kina sana, ndo unachotaka kwenye chuma chembamba. Kata paipu zako zikutane bila mwanya kabisa, hapa watu wengi ndo wanaharibu, wanakata kwa haraka wanaacha uwazi wa milimita mbili halafu wanategemea rodi izibe, wakati kingo mbili nyembamba zenye uwazi katikati hazina pa kupeleka joto, lazima ziyeyuke zirudi nyuma. Shikiza kila kona kwanza. Kisha chomea vipande vya sentimita mbili au tatu, ruka upande wa pili, rudi, usikae sehemu moja. Paipu ikiwa imesimama wima chomea kutoka juu kushuka chini, kwenye chuma chembamba hiyo inasaidia sana kwa sababu unakwenda haraka na joto halikai.

Halafu macho yako. Mwanzoni mtu anaangalia ule mwanga wa tao, usiuangalie, angalia nyuma yake kidogo kwenye kidimbwi cha chuma kilichoyeyuka. Kuna vitu viwili pale vinafanana: chuma chenyewe, ambacho kimetulia na kinang'aa, na slagi, ambayo inatembea tembea juu yake na rangi yake ni tofauti kidogo. Slagi ikikimbilia mbele ya rodi unachomea juu ya uchafu, na kesho ukigonga gamba unakuta mashimo yaliyojaa dawa, hivyo inamisha rodi zaidi, ncha ielekee unakotoka, ili tao liisukume nyuma, au ongeza ampea tano. Na chuma chembamba kabla hakijatoboka kinatoa taarifa, kidimbwi kinapanuka ghafla na kubonyea katikati, ukiona hivyo kata tao hapo hapo, subiri wekundu ufifie ndo uendelee. Urefu wa tao usizidi unene wa ule waya wa ndani ya rodi. Ukisikia mlio umekuwa wa kupasuka pasuka na matone yanaruka kila upande, umeinua mkono.

Tuje kwenye MIG na hilo sikio, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ni jambo la usalama wa watu. MIG inalisha waya yenyewe kutoka kwenye spuli, na gesi inatoka mtungini kupitia tochi, kile kishikio unachochomelea, kufukuza hewa. Mashine inashikilia volti zisibadilike, kwa hiyo mkono ukisogea mbali au karibu kidogo tao linajirekebisha lenyewe, tofauti na mashine ya rodi ambayo yenyewe inashikilia ampea. Hapo ndo raha yake ilipo. Hakuna kubadili rodi, hakuna slagi ya kugonga, mtu wa wiki moja anapiga mshono unaovutia. Kwa mabati ya magari, fremu nyepesi na kazi ya ndani ya karakana inayojirudia rudia ni nzuri sana, na hizo skwea paipu zako zingeipenda ikiwa na waya wa 0.8 au hata 0.6.

Ila uzuri wa nje hauna uhusiano na kilichotokea chini. MIG ndogo inafanya kazi kwa waya kugusa chuma, kukatika na kuwaka tena, mara nyingi sana ndani ya sekunde moja, na kwa sababu hiyo moto wake ni mdogo. Pleti ya milimita 10 inanyonya joto lote hilo haraka, waya unayeyuka vizuri na kulala juu, unaganda na sura safi kabisa, lakini pleti ya chini haijayeyuka kuungana nao. Nina uhakika ukilitazama sikio lako pale lilipong'okea utaona alama za grainda bado zipo kwenye pleti, laini, kama vile haikuwahi kuchomewa. Hiyo sio hitilafu ya MIG kama njia, mashine kubwa zenye ampea 250 na zaidi zinachomea vyuma vinene kila siku viwandani. Wewe ulitumia mashine ya ampea 140 kwenye unene ulioizidi, tena nadhani bila kuchonga kingo.

Kuna kipimo rahisi nataka ukifanye kabla hujachomea chochote kinachobeba uzito, kwa njia yoyote ile. Chukua vipande viwili vya chuma chenye unene ule ule wa kazi yako, simamisha kimoja juu ya kingine wapate umbo la T, chomea upande mmoja tu. Kikipoa kibane kwenye jiliwa na ukilaze kwa nyundo kuelekea upande uliochomewa mpaka kivunjike au kilale kabisa. Kikipinda na mshono ukashika, vizuri. Kikivunjika katikati ya mshono wenyewe na ndani kuna chembe chembe za kung'aa, angalau ulishika pande zote, angalia kama kuna vitobo au slagi halafu ongeza ukubwa wa mshono. Ila kikibanduka na kuacha pleti safi, mipangilio yako ni mibovu hata kama mshono ulikuwa mzuri wa kupiga picha. Sikio la trela likitoka barabarani linaua mtu asiyehusika kabisa, kwa hiyo hilo lako saga mabaki yote mpaka chuma safi, chonga kingo, lichomee na rodi ya 7018 ya milimita 3.2 kwenye ampea 110 mpaka 130, mishono kadhaa mmoja juu ya mwingine huku unasafisha slagi kila safari, na kabla trela halijavutwa mwite fundi mzoefu aikague kazi. Mashine yako ya 160 inaweza kabisa hiyo kazi.

Kwa kuwa nimetaja 7018, zingatia unyevu. Hiyo 70 ni nguvu ya kuvutwa, paundi 70,000 kwa kila inchi ya mraba, 6013 ni 60,000, na ile 1 inayofuata inamaanisha inachomea mikao yote. Sifa kubwa ya 7018 ni kwamba inaingiza haidrojeni kidogo sana kwenye mshono, lakini hiyo ni kama imekaa kavu. Ikinyonya unyevu wa hewani, maji yaliyomo yanageuka haidrojeni ndani ya tao, inaingia kwenye chuma, na ufa unaweza kutokea masaa mengi baadaye pembeni ya mshono wakati wewe umeshaenda kulala, hasa kwenye vyuma vigumu na vinene. Viwandani wakishafungua pakiti wanazihifadhi kwenye oveni ya nyuzi kama 120 muda wote. Zilizokwisha kulowa zinaokwa upya kwa joto kubwa zaidi, na hilo fuata maandishi ya pakiti yenyewe. Lakini usije ukachukua 6010 au 6011 ukazioka nazo, dawa yake inahitaji unyevu kiasi ili ifanye kazi, ukizikausha unaziharibu. Na ukizima 7018 kuiwasha tena ni shida kwa sababu ncha inafunikwa na slagi kama kioo, ikwangue kidogo kwenye saruji kwanza.

Tukirudi kwenye waya, gesi ina maneno yake. Kwa chuma cha kawaida CO2 tupu inachimba vizuri ila inarusha matone mengi, mchanganyiko wa argoni na CO2, mara nyingi argoni asilimia 75 mpaka 80 na kitu, unatuliza tao na mshono unakuwa laini. Argoni tupu ni ya aluminiamu, usiitumie kwenye chuma cha kawaida na MIG, tao linayumba na mshono unapanda juu bila kushika. Na upepo ni adui, hata feni ikikupulizia inatosha kuondoa gesi na mshono kujaa vitobo, usikimbilie kufungua gesi zaidi kwa sababu ikizidi inaanza kuzunguka na kuvuta hewa ndani, bora uzibe upepo.

Ndo maana kuna waya wenye dawa ndani, ambao kwa mtu anayechomea nje unafaa sana. Ni kama rodi iliyogeuzwa, dawa iko katikati na chuma nje. Aina moja inajitengenezea gesi yake, hauhitaji mtungi, na nyingi za aina hiyo, kwa mfano E71T-11 na E71T-GS, zinataka tochi iwe kwenye hasi, kinyume na waya wa kawaida wa MIG. Watu wanasahau kugeuza, wanalalamika waya ni mbovu, matone yanaruka kila mahali. Pia hiyo GS ni ya mshono mmoja tu, usije ukapanga mishono mitatu juu yake kwenye kitu kinene. Aina nyingine inatumia dawa na gesi kwa pamoja, hiyo ndo utaikuta kwenye meli na majengo makubwa ya chuma kwa sababu inajaza haraka na inashika vyuma vinene.

TIG ni nzuri kwelikweli, wanaoisifia hawajakosea, ila haiko kwa ajili ya shida zako. Ncha yake ni tungsteni, inayeyuka kwenye nyuzi 3,422 kwa hiyo yenyewe haiishi kama rodi, inatoa tao tu, argoni inalinda, na waya wa kujazia unaulisha kwa mkono wa pili tone kwa tone. Moto unaudhibiti vizuri mno, mara nyingi kwa kanyagio la mguu, na hakuna matone yanayoruka. Ilikua miaka ya 1940 kwenye viwanda vya ndege Marekani walipokuwa wanahangaika kuunganisha magnesiamu, na mpaka leo ndo chaguo la stenlesi nyembamba, mabomba ya vyakula na dawa, na aluminiamu inayotakiwa kuonekana. Lakini ni ya polepole, mikono yote miwili inafanya kazi, na haivumilii uchafu hata kidogo, mafuta ya vidole tu yanaonekana kwenye mshono. Chuma chenye kutu na rangi ya zamani kwa TIG utalia.

Na hapa kuna jambo la kuangalia kabla ya kununua. Inverta nyingi za rodi zimeandikwa kwamba zinafanya na TIG, na ni kweli, kwa umeme wa DC, unaokwenda upande mmoja tu. Hiyo itachomea chuma na stenlesi lakini aluminiamu haitachomea. Aluminiamu juu yake ina ngozi ya oksaidi inayoyeyuka kwenye nyuzi kama 2,070 wakati aluminiamu yenyewe ya ndani inayeyuka kwenye 660, kwa hiyo unayeyusha cha ndani kabla ngozi haijafunguka, inakuwa mfuko wa maji maji unaoanguka ghafla. Umeme wa AC unabadilika pande, upande mmoja unavunja ile ngozi na mwingine unayeyusha. Kama lengo lako ni aluminiamu uliza kama TIG yake ina AC, wakikuzungusha achana nayo.

Kuna na ile ya kuchomea chini ya dawa ya unga, tao halionekani kabisa, mashine inatembea yenyewe na ampea mamia mpaka kupita elfu, inatumika kwenye matenki, meli na mabomba makubwa. Hiyo nakutajia tu uijue.

Kwa hiyo mpango wangu kwako: baki na hiyo inverta, nunua rodi za 2.0 na 2.5 za 6013 na pakiti ndogo ya 7018, piga mishono ya mazoezi kwenye vipande vya chakavu na uvivunje kwa nyundo. Ukishaona kazi zako nyingi ni paipu nyembamba na mabati, na unafanyia ndani, hapo MIG ya ampea 200 inayokuruhusu kugeuza chanya na hasi ni nyongeza yenye maana, sio mbadala. TIG ije siku ukipata kazi za stenlesi za uhakika.

Macho na mapafu ni ya kwako peke yako. Kioo cha giza namba 10 au 11 kwa ampea zako, na jua kwamba mwanga ukikuunguza hausikii saa hiyo, unasikia usiku kama mchanga machoni. Moshi wa kuchomelea uliwekwa na shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, IARC, mwaka 2017 kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, kwa hiyo kaa pembeni ya moshi, usiinamishe kichwa juu yake. Paipu iliyopakwa zinki isage mpaka ngozi iishe, zinki inachemka kwenye nyuzi 907 kabla chuma hakijayeyuka na moshi wake unakupa homa usiku huo. Usichomee kitu ulichokisafisha kwa ile dawa ya kupuliza ya breki yenye klorini, joto na mwanga wa tao vinaweza kuigeuza fosijini, gesi ya sumu inayoua. Tenki lililowahi kubeba petroli usiliguse hata kama limekaa tupu miezi.

Mwisho kuhusu umeme, kwa sababu nimeona wengi wanailaumu mashine bure. Ukichomea kwenye ampea 100 tao linashika kama volti 24, hiyo ni wati 2,400 pale kwenye ncha, na ukutani mashine inavuta zaidi ya hapo. Ukiipitisha kwenye ekstensheni ndefu na nyembamba voltiji inashuka, rodi inaganda ganda, na waya unapata moto, hasa ukiwa umebaki umezungushwa kwenye gurudumu lake. Tumia waya mnene, ukunjue wote. Klampu ya ethi ishike chuma safi karibu na kazi, sio kwenye rangi. Na angalia kibandiko cha mashine, ikiandikwa asilimia 60 kwenye ampea 160 maana yake kwa kila dakika 10 unachomea 6 na kuiacha ipoe 4, feni ikiwa inazunguka, usiizime ikiwa bado ina moto.